Chekechea Zilizolipiwa na Vita

Katika bonde la San Fernando, California, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mfanyakazi mmoja wa ustawi wa jamii alipita kwenye eneo la kuegesha magari karibu na viwanda vya vita, akahesabu watoto wachanga 45 waliofungiwa ndani ya magari. Mama zao walikuwa kazini. Habari hiyo ilizunguka nchi nzima na kila aliyeisimulia alishika kichwa, ingawa sioni ilikuwa na ajabu gani. Serikali ilikuwa imewaita wanawake viwandani kwa mabango, redio na sinema. Watoto wakae wapi, haikuwa imesema.

Mji wa Richmond, ng'ambo ya ghuba kutoka San Francisco, ulikuwa na wakazi wasiofika 24,000 mwaka 1940. Henry Kaiser akafungua pale karakana nne za kuunda meli, na watu wakamiminika kutoka Texas, Arkansas, Oklahoma na Louisiana, Weusi kwa Weupe. Kufikia 1943 wakazi walikuwa wamepita 90,000. Vitanda vilikodishwa kwa zamu: anayeamka kwenda kazini anampisha anayerudi. Katika mji wa namna hiyo, mama mwenye mtoto wa miaka miwili hakuwa na wa kumwachia. Bibi alibaki Louisiana, shangazi alibaki Louisiana, na jirani wa mlango wa pili alikuwa zamu ya usiku.

Si kwamba Marekani haikuwa imewahi kuona kituo cha kulelea watoto. Mwaka 1854 New York ilikuwa tayari na nyumba ya kulelea watoto wa wanawake maskini wakati mama zao wako vibaruani. Baadaye vituo vya aina hiyo vilienea katika miji mikubwa, vikiendeshwa na wake wa matajiri kwa fedha za sadaka. Mashuhuri kati yao alikuwa Josephine Jewell Dodge, aliyeonyesha kituo cha mfano kwenye maonyesho makubwa ya Chicago mwaka 1893, na miaka mitano baadaye akaunda shirikisho la kitaifa la vituo hivyo. Mtoto aliogeshwa, akalishwa, akavalishwa nguo safi. Mama naye alihojiwa: mume yuko wapi, anakunywa pombe, kwa nini hamwangaliwi na ndugu. Ukifikisha mtoto pale, mtaa mzima ulijua kuwa umeshindwa.

Wanamageuzi wa enzi hizo nao hawakuvipenda, ila kwa sababu nyingine. Mkutano wa Ikulu wa mwaka 1909 kuhusu watoto wenye shida ulisisitiza kuwa mtoto asiondolewe nyumbani kwa sababu ya umaskini peke yake. Jimbo la Illinois likaongoza mwaka 1911 kwa kupitisha sheria ya posho kwa akina mama, ili mjane abaki nyumbani alee. Wazo zuri kwenye karatasi. Posho zilikuwa ndogo, wengi waliozipokea waliendelea kufua nguo za watu ili mkono uende kinywani, na mama Mweusi aliachwa nje karibu kila mahali. Lakini tangu hapo ikajengeka imani kuwa fedha za umma zikitumika kujenga chekechea zinawavuta wanawake watoke majumbani. Imani hiyo ilidumu kuliko posho zenyewe.

Mara ya kwanza serikali kuu kulipia chekechea kwa wingi ilikuwa Oktoba 1933, katikati ya mdororo wa uchumi, na haikuwa kwa ajili ya watoto hasa. Harry Hopkins, aliyesimamia misaada ya dharura chini ya Rais Roosevelt, alikuwa na walimu, wauguzi, wapishi na wafagiaji wasio na kazi. Chekechea ziliwapa kazi. Katika muda mfupi zikawa takribani 1,900, zikiwa na watoto wapatao 75,000 wa familia maskini. Mafundi seremala waliokuwa kwenye orodha ya misaada walichonga viti na meza fupi, washonaji wakashona mashuka, na kila asubuhi mtoto alimezeshwa kijiko cha mafuta ya samaki. Zilifunguliwa kwenye madarasa yaliyokuwa wazi shuleni. Majengo mapya hayakuwa sehemu ya mpango, kwa kuwa dharura ilitarajiwa kupita.

Ilipopita, ikaja nyingine. Oktoba 1940 Bunge lilipitisha sheria iliyoitwa kwa jina la Fritz Lanham, mbunge wa Fort Worth, Texas. Ilikuwa sheria ya nyumba: kuwajengea makazi wafanyakazi wa viwanda vya ulinzi. Juni 1941 ikapanuliwa ili miji iliyofurika watu isaidiwe kujenga huduma za jamii, yaani mabomba ya maji, mitaro ya majitaka, shule, hospitali. Malezi ya watoto wadogo hayakutajwa. Mwaka uliofuata ndipo maofisa wa wakala wa ujenzi wa serikali kuu walipoisoma upya sheria na kuamua kwamba kama mtaro wa majitaka ni huduma ya jamii katika mji wa vita, chekechea pia ni huduma ya jamii. Ruzuku za kwanza ziliidhinishwa mwishoni mwa Agosti 1942.

Uamuzi huo ulizua mvutano Washington. Wakala wa ujenzi uliongozwa na jenerali wa jeshi, Philip Fleming, mtu wa barabara na majengo. Upande wa pili alikuwepo Katharine Lenroot, mkuu wa ofisi ya serikali iliyoshughulikia watoto tangu 1912. Lenroot hakutaka watoto wachanga walundikwe vituoni, na aliamini kuwa kazi hii ni ya wataalamu wa elimu na ustawi. Seneti ilipitisha mswada wa kuihamishia huko. Baraza la Wawakilishi halikuugusa. Kwa hiyo malezi ya watoto wa Marekani yakabaki mikononi mwa wajenzi. Nimesoma wanahistoria wanaolilaumu hilo. Mimi naona wajenzi walikuwa na fadhila moja: hawakumuuliza mama kama ana sababu nzuri ya kufanya kazi.

Masharti yalikuwa mepesi kuyaeleza na magumu kuyatimiza. Mji ulipaswa kuthibitisha kuwa upungufu wake umeletwa na vita, ujaze fomu, usubiri miezi, kisha uchangie sehemu ya gharama, ikiwemo ada ya wazazi. Ada ilikuwa kama senti 50 kwa siku. Hakuna aliyeulizwa kipato. Julai 1944, mpango ulipofika kilele, vilikuwepo vituo 3,102 vyenye watoto wapatao 130,000, katika kila jimbo isipokuwa New Mexico. Kwa miaka yote ya vita serikali kuu ilitoa takribani dola milioni 52, na watoto waliopita humo wanakadiriwa kufika zaidi ya nusu milioni. Kusini mwa nchi vilitenganishwa kwa rangi kama ilivyotenganishwa kila kitu kingine.

Mwanzoni vituo vingi havikujaa. Viongozi walishangaa: wanawake wanalalamika hakuna pa kuacha watoto, na vitanda viko wazi! Sababu hazikuwa za kutafuta kwa tochi. Kituo kilikuwa upande mmoja wa mji na kiwanda upande mwingine, basi moja limejaa, la pili halisimami. Kilifunga saa 12 jioni na zamu iliisha usiku. Tena zile hadithi za nyumba za sadaka zilikuwa bado zinakumbukwa.

Portland, Oregon, walijaribu njia nyingine. Kaiser alikuwa na karakana kubwa pale, Oregonship na Swan Island, na nyingine ng'ambo ya mto, Vancouver, jimbo la Washington. Septemba 1942 Oregonship iliunda meli moja ya mizigo kwa siku 10, nchi nzima ikashangilia. Kasi hiyo ilitegemea watu kufika kazini kila siku, na waliokuwa wakikosa kazini zaidi ni wanawake wenye watoto. Aprili 1943 Eleanor Roosevelt, mke wa rais, alikwenda Vancouver kuzindua manowari ya kubebea ndege. Mama huyo alikuwa akilipigia kelele suala la watoto kwa muda mrefu, na aliwashawishi kina Kaiser wajenge vituo vya watoto kwenye lango la karakana.

Kaiser hakutoa fedha zake mfukoni. Karakana zilifanya kazi kwa mikataba ambayo serikali ililipa gharama zote halali na kuongeza faida iliyopangwa. Tume ya usafiri wa majini ya Marekani ikalipia majengo mawili, kwa takribani dola 750,000, na hasara ya uendeshaji ikaingizwa kwenye gharama ya kuunda meli. Yaani kwenye vitabu vya hesabu, uji wa mtoto ulikaa pamoja na chuma na misumari. Asasi za ustawi wa jamii za Portland zilikasirika kwa kurukwa. Wataalamu wa Washington nao walilalamika kuwa mahali pa chekechea ni mtaani, karibu na nyumbani, si kwenye lango la kiwanda penye kelele na moshi.

Vituo vilifunguliwa Novemba 8, 1943. Wasanifu wa kampuni ya Wolff na Phillips walikuwa wamepanga vyumba 15 kuzunguka ua wa ndani, kama njiti za gurudumu la baiskeli. Uani palikuwa na nyasi na mabwawa madogo ya kuchezea maji, pamekingwa dhidi ya upepo na kelele za karakana. Kila chumba cha kuchezea kilikuwa na madirisha pande mbili, na upande wa nje mtoto aliweza kuona karakana ambamo mama yake alikuwa akichomelea vyuma. Masinki yalikuwa chini, kimo cha mtoto wa miaka mitatu. Mabafu ya kuogeshea yaliinuliwa juu ili mlezi asivunjike mgongo kwa kuinama. Mtu aliyechora jengo lile alikuwa amemfikiria mtoto, na pia yule anayembeba mtoto, jambo ambalo hata leo ni nadra.

Aliyesimamia taaluma alikuwa Lois Meek Stolz, mwanasaikolojia wa watoto mwenye jina kubwa, na meneja wa kila siku alikuwa James Hymes. Waliajiri walimu wenye shahada kutoka vyuo mbalimbali vya nchi, na mishahara ikapandishwa ilingane na ile ya karakana, maana bila hivyo walimu wangeacha chekechea wakachomelee. Watoto walipokewa kuanzia miezi 18 hadi miaka 6, mchana na usiku, siku 364 za mwaka. Krismasi tu ndiyo walifunga. Kulikuwa na chumba cha wagonjwa chenye wauguzi, ili mtoto mwenye mafua asimrudishe mama nyumbani. Kulikuwa na huduma ya kushona nguo zilizochanika. Halafu kulikuwa na jambo lililowafurahisha akina mama kuliko yote. Mtaalamu wa lishe Miriam Lowenberg na jiko lake waliandaa chakula cha jioni cha kuchukua. Mama aliagiza mapema, na alipotoka zamu alikabidhiwa mtoto kwa mkono mmoja na kifurushi cha chakula kilichopikwa kwa mkono mwingine, akifika nyumbani ni kupasha moto tu.

Malipo yalikuwa dola 5 kwa juma la siku 6, na dola 3.75 kwa mtoto wa pili. Fundi mchomeleaji alipata karibu dola 1.20 kwa saa, kwa hiyo malezi ya juma zima yalikula ujira wa saa nne na ushei. Hata hivyo nako siku za mwanzo watoto walikuwa wachache kuliko vitanda, na Stolz na Hymes walilazimika kuwauliza mama wenyewe wanataka nini. Huduma nyingi nilizozitaja zilitokana na kuuliza huko. Taarifa ya mwisho ya vituo ilihesabu watoto 3,811 waliolelewa, siku za malezi 249,268, na saa za kazi 1,931,827 ambazo mama zao waliweza kuzifanya. Angalia mpangilio wa hesabu hiyo. Ilibidi taarifa imalizie na saa za kazi, kwa sababu mlipaji alikuwa akinunua meli.

Ndiyo maana, Japani iliposalimu amri Agosti 1945 na meli zikawa hazihitajiki tena, vituo vya Portland havikuchelewa kufungwa. Septemba milango ilikuwa imefungwa. Wakala wa ujenzi ukatangaza kuwa fedha za Lanham nazo zitakoma ndani ya wiki chache. Zikaanza kumiminika barua: katika muda mfupi Washington ilipokea barua 1,155, telegramu 318, kadi 794, na maombi yenye sahihi 3,647. Wengi waliandika kwamba mume yuko jeshini bado, au hatarudi kamwe, na kazi si ya vita, ni ya kula. Rais Truman akaomba Bunge dola milioni 7 kuvusha vituo hadi mwisho wa Februari 1946. Zilipokwisha, serikali kuu ilijitoa.

California haikukubali viishe hivihivi. Akina mama, walimu na shule waliibana serikali ya jimbo mwaka baada ya mwaka. Ikawa ni kuongeza muda, kisha kuongeza tena, hadi 1957 vilipofanywa vya kudumu. Kwa gharama hiyo ya siasa, familia za kipato cha chini zilibaki na vituo, ingawa sasa kipimo cha kipato kiliingia, kile ambacho vita haikuwa nacho. Richmond, ambako wakati wa vita palikuwa na vitengo 35 vyenye watoto wapatao 1,400 kwa siku, jengo kubwa lililojengwa na tume ileile ya usafiri wa majini liliendelea kupokea watoto kwa miongo mingi. New York iligombana zaidi. Jimbo lilisitisha mchango wake mwanzoni mwa 1948 chini ya gavana Thomas Dewey, na ni jiji lenyewe lililovibeba vituo vyake.

Miaka iliyofuata naipita haraka, kwa kuwa hakuna kilichojengwa cha kusimulia. Mwaka 1954 wazazi waliruhusiwa kupunguziwa kodi kidogo kwa gharama za malezi. Mwaka 1962 fedha za serikali kuu zilirudi kwa uchache kupitia sheria ya misaada kwa maskini. Mwaka 1965 ulianza mpango wa Head Start, chini ya Sargent Shriver, ukapokea zaidi ya watoto nusu milioni katika kiangazi chake cha kwanza, lakini ulikuwa wa kuwaandaa watoto maskini kwa shule, kwa saa chache za siku. Mama mwenye kazi ya zamu haukumfaa sana.

Nafasi kubwa ilikuja 1971. Seneta Walter Mondale na mbunge John Brademas, wakisaidiwa kwa nguvu na mwanasheria Marian Wright Edelman, walipitisha mswada wa kuunda mtandao wa vituo nchi nzima, pamoja na majengo. Familia ya watu wanne yenye kipato chini ya dola 4,320 kwa mwaka isingelipa kitu. Wenye zaidi wangelipa kwa uwezo wao. Bajeti ya mwaka wa kwanza wa utekelezaji ilikuwa dola bilioni 2. Desemba 9, Rais Nixon akaukataa. Katika waraka wake, ambao Pat Buchanan alishiriki kuuandika, alieleza kuwa mpango huo ungeiweka serikali upande wa malezi ya kijumuiya dhidi ya malezi ya familia. Ni yule yule Nixon ambaye alitaka mama wanaopokea misaada wafanye kazi na watoto wao walelewe vituoni. Seneti ilijaribu kumshinda ikapata kura 51 dhidi ya 36, pungufu ya theluthi mbili.

Miaka 18 baadaye Bunge lilijenga mtandao bora wa vituo vya kulelea watoto nchini bila kelele yoyote ya ujumuiya, kwa sababu ulikuwa wa jeshi. Vituo vya kambini vilikuwa vimechakaa na kuandamwa na kashfa. Sheria ya 1989 ikaweka viwango, ukaguzi wa kushtukiza, mafunzo na nyongeza ya mishahara, ada ya mzazi ikapangwa kwa kipato, na majengo yakalipiwa kwenye bajeti ya ujenzi ya jeshi. Askari wa cheo cha chini akapata kile ambacho mhudumu wa hoteli hakukipata.

Mhudumu wa hoteli alipata sheria ya 1990, iliyotiwa sahihi na Rais George H. W. Bush, ambayo mpaka leo ndiyo mfereji mkuu wa fedha za serikali kuu kwa malezi ya watoto wa kipato cha chini. Inampa mzazi hati ya malipo achague kituo mwenyewe. Ndani yake kuna kifungu kifupi kinachokataza fedha hizo kutumika kununua au kuboresha ardhi, au kununua, kujenga au kukarabati kwa kudumu jengo lolote. Ukarabati mdogo tu ndio unaruhusiwa. Tangu 1996 makabila ya wenyeji wa Marekani yanaweza kuomba ruhusa ya kujenga. Wengine wote hawana.

Hapo ndipo vituo vya mitaa maskini vinapokwama. Majimbo mengi yanadai angalau futi za mraba 35 za ndani kwa kila mtoto, vyoo vya kimo chao, sinki la kubadilishia nepi lisilo la jikoni, milango ya kutokea moto ukizuka. Hati za malipo hulipa chini ya gharama halisi, na ada kutoka kwa familia hizo haiwezi kupanda. Ikitoka mishahara na chakula hakibaki cha kupeleka benki. Benki nayo inaona kuwa jengo likikamilika litathaminiwa chini ya gharama ya kulijenga, basi haikopeshi. Matokeo yake ni madarasa kwenye vyumba vya chini vya makanisa na maduka yaliyofungwa. Head Start iliruhusiwa kununua majengo 1992 na kujenga 1994, lakini kwa watoto wake tu. Hata dola bilioni 24 za mwaka 2021 za kuviokoa vituo baada ya korona zilikwenda kwenye mishahara, pango na matengenezo madogo, na mpango ukafikia ukomo Septemba 2023.

Baadhi ya majimbo yalichoka kusubiri. Massachusetts, mwishoni mwa 2013, chini ya gavana Deval Patrick, iliidhinisha dola milioni 45 za hati fungani kwa miaka 5, zitolewe kama ruzuku ya kujenga na kukarabati vituo vinavyohudumia watoto wa familia za kipato cha chini. Miradi mikubwa iliweza kupata hadi dola milioni 1, na kituo kilitafuta salio kwa wafadhili na benki, ambazo sasa zilisikiliza kwa kuwa jimbo limetangulia. Fedha hizo hazikupitishwa kwa sheria ya malezi ya watoto. Zilichomekwa kwenye muswada wa fedha za nyumba, kama zile za Fritz Lanham.